Mbabula Isiyokuwapo

Jumamosi moja kijana alikuja kijiweni kwetu na simu mkononi, akatuomba dola. Hakuomba mkopo wala ya kula. Alitaka tumpe pesa za kitu ambacho bado hakipo.

Nikasonya. Benchi lote lilisonya, kuanzia Papa mstaafu anayekaa upande wa kivuli hadi Mama wa mikate ya kukaanga, ambaye msonyo wake ni mrefu kiasi kwamba mafuta yanaweza kupoa kabla haujaisha. Kijiwe chetu kiko hatua chache kutoka soko la Kenya. Nasema Kenya kwa maana ya komini yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi yenye bahari. Mniwekee tofauti hiyo, maana nchi ile nayo itaingia katika maneno haya.

Kijana ni fundi wa bati. Kabuni mbabula mpya, yaani jiko la makala: ndani ina ukuta wa udongo wa kuchoma ili joto lisitoroke, chini ina feni ndogo inayozungushwa na kipande cha sola kisichozidi ukubwa wa daftari. Anasema kopo moja la makala litaivisha bukari na sombe, na makaa yatakayobaki yapashe maji ya kuoga. Sombe, jamani! Mwenye kupika majani hayo ya muhogo anajua yanavyochelewa kuiva; ni madai makubwa. Kwa mji huu ambao umeme ni mgeni wa ghafla na makala yanaingia kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga na ya Kipushi, magunia yakiwa marefu kuliko msukumaji, wazo hilo si la kutupa.

Ila ile video sasa. Mbabula inang'aa kama gari la gavana, muziki unalia, mama mwenye meno meupe anatabasamu pembeni ya sufuria isiyo na masizi. Papa mstaafu aliitazama hadi mwisho, akarudisha simu taratibu.

"Na mbabula yenyewe iko wapi?"

"Ingali haiyatengenezwa, Papa. Ile ni picha ya kompyuta. Tukifikisha dola elfu tatu, njo naanza."

Kidogo benchi lipinduke kwa kicheko.

Msiwalaumu wazee. Mtu wa umri wa Papa, ukimwambia weka pesa leo uone matunda kesho, sikio lake linasikia neno moja tu: Bindo. Mwaka 1991 kule Kinshasa, Bindo Promotion iliwaahidi watu kwamba noti za zaire walizoweka zingerudi zimezaliana mara kadhaa baada ya wiki chache. Wa kwanza walilipwa, wakatangaza bure kabisa, kwa furaha, mtaa kwa mtaa. Hakuna tangazo linaloshinda jirani aliyerudi na friji. Wa nyuma wakauza friji zao ili nao waweke. Kisha mchezo wote ukaanguka, na miezi michache baadaye, Septemba, nchi yenyewe ikaingia katika uporaji. Papa hasemi mengi juu ya mwaka ule. Anasonya tu, na huo msonyo ni wa aina nyingine.

Lakini nikisikia mtu anasema watu wa Lubumbashi hawachangi, hapo nabisha. Tunachanga mno. Nenda kwenye kilio chochote. Mlangoni pana meza, juu ya meza pana sahani imefunikwa kitambaa, na nyuma ya sahani kakaa mtu aliyechaguliwa kwa mwandiko wake mzuri, mbele yake kaye ya shule. Kaye imechorwa mistari kwa rula: jina, kiasi, na safu ya tatu kwa ajili ya vitu. Fulani, franka elfu kumi. Fulani, unga kilo tano. Fulani, gunia la makala, nusu. Usiku, baada ya nyimbo, mtu anasimama na taa ya simu anasoma kaye yote, jina kwa jina, na kelele zote zinakatika. Hata waliokuwa wakicheza karata wanashika karata zao kifuani. Ukirukwa, unanyanyuka hapohapo: "Na mimi? Mafuta lita mbili!" Aliyeandika anaomba radhi, anaandika, anasoma upya.

Pale hakuna video, hakuna muziki wa kukodi. Kuna jina lako, kiasi chako, na sauti ya mtu mwingine ikivitamka mbele ya majirani. Mimi nimewahi kutoa nauli yangu ya kurudi nyumbani kwa sababu tu aliyetangulia mbele yangu mezani alikuwa shemeji yangu.

Kaye ya namna hiyo imewahi kujenga kitu huko New York. Mwaka 1885 ile sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge ilikuwa imeshakamilika huko Ufaransa, mabamba yake ya shaba yakingoja kusafirishwa, ila hapakuwa na fedha za kumalizia msingi wa kuisimamisha. (Shaba si yetu, tulieni. Mwaka huohuo ndio kwanza Leopold wa Pili alikuwa anajipatia nchi hii kwa mikataba ya Berlin.) Mwenye gazeti mmoja, Joseph Pulitzer, akatangaza kwamba kila atakayetoa, hata senti, jina lake litachapwa. Katika miezi kama mitano zikaingia dola zaidi ya 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 100,000, wengi wao hawakutoa hata dola moja nzima. Pulitzer ni yule wa mezani kwenye kilio, ila yeye alikuwa na mitambo ya kuchapa. Gazeti nalo likauzwa kwelikweli, maana nani asiyetaka kununua karatasi yenye jina lake?

Kijana akasema yeye hategemei gazeti wala kilio. Atapanda Kickstarter, atachangiwa na dunia. Hapo nilisonya mara ya pili, nikamwambia akae.

Kickstarter ipo tangu 2009. Unaweka kiasi unachotaka na siku ya mwisho. Ukifikisha, unachukua, ukipungukiwa hata kidogo, kila mtu anabaki na pesa yake. Sharti zuri, linafanana na akili. Lakini kuna orodha ya nchi ambazo mwenye wazo anaruhusiwa kutokea, na humo hutaikuta Kongo. Hutakuta nchi yoyote ya Afrika. Pesa ya Mwafrika kuchangia wanaipokea; Mwafrika kuchangiwa, sharti awe na mlango wa nyuma.

Mlango huo Kenya waliupata. Kenya ile yenye bahari. Watu wa Ushahidi, walioanza kwa kuweka ghasia za baada ya uchaguzi kwenye ramani mwaka 2008, walitengeneza kisanduku cha intaneti chenye betri ya kuhimili saa nane umeme ukikatika, wakakiita BRCK. Mwaka 2013 wakaenda Kickstarter wakiomba dola 125,000, wakapata zaidi ya 170,000 kutoka kwa watu zaidi ya elfu moja. Ushahidi ilikuwa imesajiliwa Marekani; kijana wetu kasajiliwa kwa chifu wa mtaa. Angalia na jinsi walivyoitangaza: kifaa walikuwa nacho mkononi, cha majaribio lakini kinawaka. Na hoja yao ilikuwa kwamba kinachofanya kazi Afrika kitafanya kazi popote. Shida ya umeme wetu, ambayo sisi tunaionea haya, wao wakaipiga muhuri wa ubora. Hata hivyo vifaa vilianza kuwafikia watu 2014, baadaye kuliko siku iliyoahidiwa.

"Na sisi tulichanga nini?" Papa akauliza, kwa dhihaka.

Tulichanga udongo, Papa. Mwaka huohuo wa 2013, Waholanzi wa Fairphone waliwaomba watu walipe kabisa euro 325 kwa simu ambayo haijaundwa. Walisema wakifika wanunuzi 5,000 ndipo watakapoanza. Ndani ya wiki chache walifika, na kabla mwaka haujaisha simu 25,000 zilikuwa zimelipiwa. Tangazo lao lilikuwa nini? Lilikuwa sisi. Bati la kulehemia lilitoka Kivu ya Kusini, na tantalamu ilitokana na koltani ya kaskazini mwa Katanga, Katanga ya kabla ya 2015, kabla haijakatwa vipande vinne. Wanunuzi waliambiwa: ukilipa, madini yatatoka machimbo ambayo hayalishi bunduki. Wakalipa. Simlaumu yeyote, kazi ile ilikuwa afadhali kuliko nyingi. Nasema tu kwamba mtu wa Amsterdam aliweza kuuza simu isiyokuwapo kwa jina la udongo wetu, na mtoto wetu hawezi kuuza mbabula kwa jina lake mwenyewe.

Mama wa mikate akataka kujua wanaoliwa ni akina nani. Wapo. Kulikuwa na Mmarekani aliyebuni sanduku la barafu lenye spika ya muziki na mashine ya kusagia vinywaji juu yake. Coolest Cooler, ndilo jina. Mara ya kwanza, mwishoni mwa 2013, aliomba dola 125,000, akakosa. Baridi ilikuwa imeingia, nani ananunua barafu? Akangoja joto la 2014, akapunguza ombi hadi 50,000, akapewa zaidi ya milioni 13 na watu zaidi ya 62,000. Kitu kilekile, majira mengine. Kisha akashindwa kutengeneza kwa bei aliyoahidi. Alipofunga duka mwaka 2019, karibu theluthi ya waliolipa hawakuwa wameona hata mfuniko.

"Barafu yenye redio," Mama akasema. "Nzambe." Akageuza mikate.

Hapo ndipo Papa aliposema neno ambalo mimi, na kusoma kwangu kote, sikulifikia. Alisema hii ni likelemba, ila kila mtu amepewa zamu ya mwisho. Ukiwaza, ni kweli. Katika likelemba kumi wanatoa kila Jumamosi na mmoja anabeba chote. Wa zamu ya kwanza anapewa imani. Wa zamu ya mwisho ndiye anayetoa imani: analipa wiki tisa akiwatazama wengine wanabeba, akiomba Mungu asitokee wa kuhamia Kolwezi. Ndiyo maana hakuna likelemba inayomweka mgeni zamu ya kwanza. Na kijana huyu alikuja kwetu kama mgeni, na muziki, akitaka zamu ya kwanza kwa watu elfu.

"Kwenda ulete mbabula moja," Papa akamwambia. "Moja tu. Hata mbaya."

Jumamosi iliyofuata aliileta, na kweli ilikuwa mbaya. Bati la pipa lenye herufi za mafuta ya injini bado zinasomeka, feni imefungwa kwa waya, sola imeegemezwa kwenye tofali. Mama akapima kopo moja la makala mbele ya macho yetu, akaweka sufuria ya sombe, hakutaka utani wa maji matupu. Moto ulishika kabla sijamaliza kikombe cha munkoyo. Wingu lilipopita feni ikasimama, tukacheka. Wingu likaondoka, ikaanza tena kuguna kama mbu. Yule mama alikuwa anafunua sufuria kila mara, ananusa, anafunika. Alipofunua mara ya mwisho hakusonya.

Papa akatuma mtoto dukani akanunue kaye. Akachora mistari mwenyewe: jina, kiasi, tarehe ya kupokea. Kwenye simu ya kijana sasa pana picha ya bati la pipa na mkono wa Mama, bila muziki, na chini yake namba ya kutuma franka kwa simu, kwa walio mbali. Binamu zake walio Brussels ndio anaowataka baadaye. Kwanza hapa.

Mama ndiye wa kwanza. Akatoa robo ya bei, akaamuru iandikwe: mbabula moja, kabla ya mvua ya Novemba, makala hayajaloa na kupanda bei. Kijana akaandika, Papa akasoma kwa sauti. Fundi viatu wa upande wa pili, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumamosi ile, akavuka barabara na kutoa pesa. Akasomwa.

Ikafika kwangu. Nikatoa noti ya dola tano, ile niliyoitunza ndani ya kitabu. Kijana akaiinua juani, akaizungusha, akanionyesha pembeni palipochanika kiasi cha ukucha. Katika mji huu mnajua maana yake: dola yenye jeraha hilo hata kambista haigusi.

"Yaya, hii habataipokea."

Akaandika jina langu hata hivyo, nafasi ya kiasi akaiacha. Jioni, benchi limejaa, Papa alisimama na taa ya simu akasoma kaye yote. Akafika kwenye jina langu, akalitamka vizuri, silabi zote, kisha akanyamaza kwa muda uleule ambao kiasi kingechukua kusomwa, akaendelea na anayefuata.