Toa Kidole Kwenye Boneti Yangu

Rangi mpya ya gari ina maadui wengi: kutu, chumvi ya bahari, jua la saa saba, kinyesi cha kunguru. Hao wote nimewazoea. Aliyenishinda ni binadamu mwenye kidole. Mwambie mtu wa mtaa wetu "usiguse, rangi mbichi" na hapo hapo mkono unaanza kumwasha. Atasogea, ataangalia kushoto, ataangalia kulia, atagusa. Kisha atakugeukia na kutoa ripoti: "Kweli, bado." Ahsante sana, mheshimiwa. Sasa alama ya kidole chako iko katikati ya boneti yangu, na imetoka safi kuliko ile uliyopiga kwenye kitambulisho cha taifa.

Mimi nakaa Kigamboni, jirani na bahari, ambako kutu haipigi hodi. Pikapu yangu ina umri wa kupiga kura, na boneti yake pamoja na fenda ya kushoto zilishaanza kutoboka. Nilitaka rangi inayoshikana na chuma na kuiva mpaka chini, ili nikimwagikiwa petroli au nikikwaruzwa na michongoma isiondoke na upepo. Fundi aliitazama boneti, akaigonga konzi mbili, akasema, "Kesho jioni unachukua, bosi."

Kesho jioni! Nchi hii ukienda kufuatilia hati ya kiwanja unaambiwa uwe na subira, subira yavuta heri. Kwenye rangi ya gari, kazi pekee ambayo subira ni sehemu ya malighafi, kila mtu ana haraka.

Kazi ya kupiga rangi kwenye chuma, sehemu yake kubwa haina rangi ndani. Kuna kukwangua kutu mpaka chuma king'ae, kwa sababu kutu ikifunikwa haifi, inaendelea na shughuli zake gizani. Kuna kuondoa mafuta, na hapa utamwona kijana anachukua tambara lililofuta injini, analichovya kwenye petroli, anapangusa boneti yote kwa madaha. Petroli ikiruka inaacha utelezi wake pale pale. Halafu kuna polishi yenye silikoni uliyopakiwa na muosha magari mwaka juzi bila kuulizwa. Silikoni ikibaki kwenye bati, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vya duara vinavyokukodolea macho. Baada ya hapo ni praima, tena siku hiyo hiyo, maana kwa hewa yetu ya pwani chuma kilichokwanguliwa asubuhi jioni kinaweza kuwa kimeshapiga wekundu. Puti nayo hunywa maji. Ukiiacha wazi usiku mmoja wa masika kisha ukaifunika kwa rangi, yale maji yatatafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe ni malengelenge.

Nilisimama kwenye gereji nikiyasema haya yote. Fundi alinisikiliza kwa heshima, akaniletea kiti, akanielekeza nikakae upande wa pili wa yadi.

Tukafika kwenye hadina. Hii ndiyo inayoifanya rangi ya kisasa ya gari iwe rangi. Kopo moja lina rangi, lingine lina hadina, na vikikutana vinaanza kufungana huko ndani mpaka viwe kitu kimoja kigumu ambacho tina haikiyeyushi tena. Kipimo kimeandikwa kwenye kopo: kuna ya mbili kwa moja, kuna ya nne kwa moja, kulingana na mtengenezaji. Ukipunguza, rangi inabaki laini maisha yake yote. Ukizidisha, inaweza kuwa kavu ya kupasuka. Fundi wangu alimimina kwa macho. Nilipouliza kipimo akanijibu, "Hadina ni kama chumvi, mzee, mkono wenyewe unajua." Niliona amenipandisha cheo kutoka bosi hadi mzee, nikajua nimeanza kumchosha.

Na puani kafunga leso. Hapa naomba niache mzaha kidogo. Hadina hizi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, na mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu; leso haizuii chochote. Wenzetu wenye vifaa huvaa barakoa yenye mpira unaoleta hewa safi kutoka nje. Nilimwambia. Akaniambia amefanya kazi hii tangu kijana na hajawahi kuumwa, akakohoa, akaendelea kupuliza.

Jioni ilipofika, kweli, boneti ilikuwa inawaka. Ukiweka kidole (na watu waliweka), hakinati. "Imekauka, bosi." Ndiyo, imekauka: tina imeruka, basi. Rangi ya hadina huchukua siku kadhaa, wiki au zaidi, ndipo ikaze yote kwa joto la kawaida, na watengenezaji wengine hukutaka ukae wiki kadhaa kabla hujaipaka polishi. Zile rangi za mafuta zisizo na hadina ndizo zenye mwendo wa kobe. Zinakazwa na oksijeni ya hewani, nayo inaingia kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ukipaka nene juu panafunga ngozi na chini panabaki uji. Utaendesha mwezi mzima ukidhani una rangi, kumbe una ngozi tu.

Kiwandani hawana habari ya kusubiri. Bodi nzima inazamishwa kwenye dimbwi la praima, umeme unapitishwa ili praima iingie hadi kwenye vipembe, kisha inaingizwa kwenye oveni ya nyuzi 160 hadi 180 hivi. Gereji kubwa za mjini zina oveni ya nyuzi 60, na nusu saa ya bati likiwa limefika joto hilo inatosha kuikaza rangi ya hadina. Oveni ya fundi wangu ni kivuli cha mwarobaini, ambao ulinipa majani matatu na mdudu mmoja, wote wakaiva pamoja na rangi. Nilipolalamika akataka kuisogeza boneti juani. Nikapiga kelele. Bati likichemka mno, rangi inafunga juu haraka na tina iliyobaki chini inatoboa kutoka, ukabaki na vitundu vya sindano boneti nzima.

Ugonjwa huu wa haraka ni wa siku nyingi. Henry Ford kuanzia 1914 hadi 1925 aliuza Model T nyeusi tu, na weusi ule wa lami ulipikwa kwenye oveni ili magari yasijazane kiwandani. Wenye kutaka rangi za kupendeza kwenye magari mengine walisubiri wiki kadhaa vanishi ikauke, koti juu ya koti. Ndipo DuPont na General Motors wakatoa Duco, rangi iliyokauka upesi, ikaanza kuonekana kwenye magari ya Oakland mwaka 1923. Husimuliwa kwamba Charles Kettering, mhandisi wa General Motors, alimwalika chakula cha mchana bwana mmoja aliyebisha kwamba haiwezekani. Walipotoka, bwana yule hakuliona gari lake. Lilikuwa limeshabadilishwa rangi wakati yeye anakula. Mimi nikiisoma hadithi hiyo namhurumia yule bwana. Duco ilikauka kwa kuruka tina peke yake, haikufungana na kitu. Hata baada ya miaka, tambara lenye tina lingeondoka na rangi yake.

Rangi za ukoo huo bado zinauzwa, na fundi mwenye haraka anazipenda. Ndiyo maana siku hizi natembea na tambara. Wiki kadhaa baada ya kazi, nalilowesha tina kidogo, nasugua mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa boneti. Rangi ikihamia kwenye tambara, tuna mazungumzo. Mafundi wa mtaani kwetu wakiniona naingiza mkono mfukoni huwa wanakumbuka kwamba wana mgonjwa hospitali.

Boneti yangu, namshukuru Mungu, ilipita. Mkono kumbe ulijua. Lakini ilipita kwa sababu niliilinda, na hapo ndipo nilipogombana na ukoo. Shemeji alikuwa na harusi ya mdogo wake Jumamosi ya wiki ileile, na gari lenye kung'aa kuliko yote kwenye familia ghafla likawa pikapu yangu.

"Shem, tunaomba gari la bibi harusi."

"Rangi haijaiva, shem."

"Mbona imekauka?" Akagusa.

Nikamweleza habari ya kufungana huko ndani. Nikamweleza kwamba selotepu ya maua ikikaa kwenye rangi changa inaacha michoro, au inang'oka na rangi yenyewe. Kwamba mafuta ya breki au ya klachi yakimwagika wakati wa kujaza, yanababua hata rangi iliyokomaa, seuze hii. Alinitazama kwa muda mrefu, akaenda kumwambia dada yake kwamba mume wake amekataa kuchangia harusi. Mama watoto hakuniuliza upande wangu. Alinipakulia chakula akaondoka na mchuzi.

Na jirani yangu wa kulia naye akaja na kikopo. Alisikia kuna rangi imebaki, anaomba kidogo apige geti. Nikampeleka nikamwonyesha: kwenye ndoo ya kuchanganyia palikuwa na kipande kigumu cha rangi ya fedha, na kijiti cha kukorogea kimesimama katikati. Nikamweleza kuwa ikishachanganywa na hadina ina saa chache tu, na joto la Dar linazipunguza, baada ya hapo huwezi kuirudisha hata kwa tina ya debe zima. Alikigonga kile kipande kwa ufunguo, akatikisa kichwa.

"Jirani, ungesema tu hutaki."

Juzi kamati ya mtaa ilipita kukusanya michango ya kuchimba mtaro. Kwenye nyumba nyingine zote waliandika karatasi na kuichomeka getini. Kwangu walikuja watu watano, wakiwa na mjumbe, na mmoja wao alikuwa ameniletea nakala ya katiba ya mtaa, amepigia mstari kifungu cha wakaidi.