Pongezi kwa Bei Isiyotajwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mtumba, Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUITUNZA SIRI YA KODI ZA NYUMBA ARUSHA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wapangaji wa Arusha, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, tunaipongeza Serikali kwa uvumilivu. Bei kikomo za mafuta EWURA huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, na konda akizidisha mia anatafutwa. Nyumba pekee imeachiwa uhuru wake. Pengine mmeona Watanzania wengi hulala ndani ya daladala.

Chukua tangazo la aina inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: “Chumba masta na sebule, Sakina, 150,000 tu. Maji masaa 24. Dakika tano kutoka lami. Wahi!” Dalali anaanza na 10,000 ya kukuonyesha. Ukipenda, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 900,000. Dalali anarudi kudai mwezi wake: 150,000. Laki na nusu imeshafika 1,060,000, na pazia hujanunua. Ukihamia unatajiwa mengine ya kila mwezi: maji ya kuchangia 15,000, mlinzi 10,000, taka 5,000. Gawanya yote kwa miezi sita, utakuta unalala kwa laki mbili na ushee kila mwezi, kabla ya umeme. Zile dakika tano nazo ni za bodaboda.

Kwenye umeme, tunawashukuru wenzako wa Hazina. Mwaka 2021 walihamishia kodi ya majengo kwenye LUKU, na mwaka 2023 wakaipandisha hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni la mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Basi mpangaji analipia jengo asilolimiliki. Kumdai mwenye nyumba akurejeshee ni haki yako, kama una pa kuhamia.

Mheshimiwa, mji huu una historia na jambo hili. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo mengi ya kupangisha na kumkabidhi Msajili wa Majumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikalegeza masharti hayo ya viongozi. Mwaka 2005 Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ikafutwa. Tangu hapo sheria ya kusimamia biashara ya nyumba na madalali imezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Wapo wenye midomo michafu wanaodai inachelewa kwa sababu wanaopaswa kuipitisha wana nyumba Njiro. Sisi hatuamini. Tunaamini karatasi zimeisha.

Kuna wanaotutisha kwamba bei ikiwekwa wazi soko litakufa. Ujerumani tangu 2015 dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na yule aliyemwagiza. England tangu 2019 imepiga marufuku ada nyingi walizobebeshwa wapangaji. Nyumba huko bado zinapangishwa.

Ombi letu halidai kodi ishuke, wala hatumwingilii mtu katika mali yake. Tunaomba sheria fupi: kila tangazo la nyumba litaje jumla ya malipo ya mwezi, yaani kodi, maji, ulinzi na taka, litaje miezi inayodaiwa mbele, na dalali alipwe na aliyemtuma. Watasema mwenye nyumba ataongeza hayo yote kwenye kodi. Aongeze, mradi aandike.

Mwenye nyumba anayetoza haki hana cha kupoteza kwa kutaja bei yake. Anayehitaji giza tunamjua, na hadi leo sheria iko upande wake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, Arusha.