Nguo ya Kuazima

Kosa la kwanza lilikuwa neno. Sisi watengeneza programu, tukiwa wenyewe kwa wenyewe, mistari tunayoandika tunaiita kodi. Basi nikaingia dukani kwa mteja wangu, mzee muuza kanga wa Kariakoo, nikasema kwa bashasha: "Shikamoo mzee, leo nimekuja tuhesabu kodi." Aliitika marahaba huku mkono wake ukifunga droo ya pesa.

Tulipoelewana, nikamkumbusha mapatano: programu ya kuhesabu mzigo wake wa stoo, shilingi 500 kwa kila mstari. Wazo hilo lilikuwa langu. Niliona ni haki, kama fundi anayelipwa kwa idadi ya matofali.

Kosa la pili lilikuwa la vidole vyangu. Kuna programu ndogo iitwayo cloc, aliyoiandika Al Danial kwa lugha ya Perl. Unaiamuru kwa neno moja na nukta kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nayo inapita faili kwa faili na kukutengea mafungu matatu: mistari mitupu, maelezo, na kodi yenyewe. Nikabonyeza. Kodi: 1,204,560.

Mzee akavaa miwani. Kalkuleta hakuigusa. "Shilingi milioni mia sita na mbili na ushee," akasema taratibu. "Umefanya kazi wiki sita, siku arobaini na mbili. Hiyo ni karibu mistari ishirini kila dakika, mchana na usiku. Mwanangu, hata Ijumaa hukuswali?"

Ndipo nikaikumbuka folda ya node_modules. Humo hukaa kazi za watu wengine, tunazozipakua bure ili tusianze kila kitu upya. Ukialika mmoja, anakuja na wajomba na mashangazi zake wote. Nilipaswa kuongeza --exclude-dir=node_modules, nikasahau.

"Kumbe si zako," mzee akasema. "Nguo ya kuazima..." Hakumalizia. Alinistahi.

Nikarudia. Kodi 2,846. Mitupu 602. Maelezo 311, mengi yakisema: "Usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi."

Kuficha aibu, nikamsimulia kisa cha Bill Atkinson wa Apple. Mwaka 1982 wakuu wake walitaka kila mmoja ajaze fomu ya mistari aliyoandika kwa wiki. Yeye alikuwa amesuka upya sehemu ya QuickDraw, programu ya kuchora kwenye skrini, ikawa fupi na ya kasi karibu mara sita. Akajaza: -2,000. "Kwa hiyo mzee, kazi nzuri si wingi wa mistari."

Mzee akakuna kidevu. "Kwa bei yetu, huyo bwana angeilipa kampuni milioni moja."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi nawe nenda kafute. Mimi nipo hapa hapa, nangoja chenji yangu."