Mlima Usiojaza Fomu

Volkano ya Nyiragongo ina kasoro moja: haifuati kalenda ya wafadhili. Mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukikisaidia kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, ulikwisha mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa wataalamu wakakosa hata intaneti ya kupokelea vipimo kutoka mlimani. Ziwa la lava juu, mamia ya maelfu ya watu chini, na bili ya intaneti haina mwenyewe. (Intaneti ya semina za kuandika maombi ya msaada, nadhani, haijawahi kukatika mjini humu.)

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, lava ikashuka bila barua ya utangulizi, ikakomea Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu wakakimbilia Sake na Gisenyi. Ndipo yalipofika magari meupe na maturubai yenye nembo pana kuliko kivuli chake. Kazi ya kutabiri haitoi picha nzuri, majivu yanatoa. Kinshasa nayo, mwenye mlima kwa mujibu wa ramani, ilichangia: ilituma mawaziri.