Redio Safi, Konda Mchafu

Asubuhi nilipanda daladala pale Kabwe. Redio ya dereva ilikuwa safi kama kanzu ya Ijumaa: kwaya, tangazo la sabuni, halafu bei ya mahindi. Konda, kaning'inia mlangoni, akamtukania mwenzake mama mzazi, shangazi na ukoo mzima mpaka Uyole. Bibi mmoja akageukia dirishani, akacheka kimyakimya. Hakuna aliyekata matangazo. Konda hana leseni ya TCRA.

Februari 2018 Mamlaka hiyo ya Mawasiliano ilizikataza redio na runinga kupiga nyimbo kadhaa, zikiwamo za Diamond Platnumz na Nay wa Mitego, eti hazina maadili. Waliokuwa hawajazisikia wakazitafuta kwenye simu. Sabuni haijawahi kutangazwa vizuri hivyo! Mwezi huohuo, hapahapa Mbeya, mahakama ikampa mbunge wetu wa wakati huo, Sugu, naye mwanamuziki, miezi mitano jela kwa lugha ya fedheha dhidi ya Rais.

Kumbe matusi nayo yana madaraja. La mama yako ni kelele za stendi tu. La mkubwa ndilo tusi.

Konda wangu bado yuko kazini. Chenji yangu hajanipa.