Mwongozo kwa Anayepeleka Mfumo Wake Mtumba, Mji wa Serikali

Karibu Dodoma. Umeshuka treni ya SGR na kompyuta mpakato begani, ndani yake mna mfumo mpya wa taasisi yako. Ili usije ukapatwa na balaa la kusomana na mifumo ya wenzako, shika haya.

1. Usitishwe na sheria. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia viwango vya mifumo ya serikali, na makao yake yako hapahapa mjini. Ukiulizwa, jibu: "Sisi mazingira yetu ni ya pekee." Jibu hili halijawahi kuchacha.

2. Jifunze kwa wakubwa. Miaka ya 1970, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuta mitambo yake inaendeshwa kwa lugha za programu zaidi ya 450. Ikaagiza iundwe moja mpya, Ada, ambayo kiwango chake kilikamilika 1983, kisha ikaamuru itumike. Wenye mazingira ya pekee wakaomba vibali vya kutoitumia, wakapewa. Mwaka 1997 amri ikaondolewa, na sehemu kubwa ya programu za ndege ya F-35 ikaandikwa kwa C++. Subira yavuta heri.

3. Usitamani yaliyofanikiwa. Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, jeshi la anga la Marekani lilitoa kiwango cha mawasiliano ya vifaa ndani ya ndege, MIL-STD-1553. Hakikujali kifaa kimetengenezwa na nani wala tumboni kina nini. Kilipanga mazungumzo tu. Vifaa visivyozidi 31 kwenye njia moja, mwenyekiti mmoja, na asiyeitwa hasemi. Vikao vya nidhamu hiyo tumeziachia ndege za kivita, ambazo zinakitumia hadi leo.

4. Linda ajira. Mfumo usiosomana na mwenzake unahitaji afisa achapishe orodha kutoka huku, aweke rula juu ya karatasi asiruke mstari, kisha aingize majina yaleyale kule, moja baada ya jingine. Herufi moja ikikosewa, anapatikana wa pili wa kuhakiki.

5. Kaa mbali na malipo. Huko kontroo namba, namba ya malipo ya serikali, imeshaharibu kazi: faini ya barabarani, bili ya maji na ada ya chuo vinalipwa kwa utaratibu mmoja, na taasisi haikulazimika kutupa mfumo wake wa ndani. Walikubaliana mlangoni tu. Mwananchi akishazoea hivyo, atauliza kwa nini serikali inamdai nakala ya cheti ambacho ilimpa yenyewe.