Sifa za Roboti Abofyaye Kila Kitu

Katika biashara ya matangazo ya barua pepe yupo msomaji mmoja ambaye hajawahi kutungiwa hata ubeti mmoja wa sifa. Hadharau kichwa cha habari, hasemi atasoma kesho. Barua ikiingia saa nane usiku, muda huohuo ameshabofya picha ya viatu vilivyoshushwa bei, amebofya vigezo na masharti, amebofya nembo ya Facebook kule chini ambako hakuna binadamu afikaye, na linki ya kujiondoa kwenye orodha ameibofya pia, asije akaonekana ana upendeleo. Msomaji huyo ni programu ya ulinzi inayokagua linki zote zilizomo kwenye barua kabla mwenye barua hajaziona.

Nasaba yake ni ya kivita. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia ndani ya kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi, na walinzi wa barua pepe wakazidi kupekua viambatisho. Matapeli nao wakahama: barua ikawa safi kabisa, sumu ikawekwa kwenye tovuti ambako linki inakupeleka. Mlinzi akalazimika kufunga safari hadi kwenye tovuti yenyewe. Microsoft ilileta huduma yake ya Safe Links mwaka 2015, na kampuni kama Proofpoint, Mimecast na Barracuda nazo zinauza ulinzi wa aina hiyo. Baadhi ya walinzi huiandika linki upya ili ikaguliwe pale mtu anapoibofya. Wengine hutangulia wenyewe, wakaufungua ukurasa ndani ya kompyuta iliyotengwa na kuona unafanya nini.

Hapo ndipo ukarimu wake unapoanza. Kila linki ya tangazo hubeba alama ya mtu aliyetumiwa, kwa hiyo roboti akiifuata, seva ya mtangazaji huandika kwamba fulani amebofya. Tuseme tangazo limekwenda kwa watu 1,000 na binadamu 20 wakabofya: hiyo ni asilimia 2, namba ya kupelekwa kikaoni kwa sauti ya chini. Sasa tuseme wengine 100 wanafanya kazi katika benki, hospitali na vyuo vyenye mlinzi wa namna hii. Mibofyo yao ikiongezwa, kiwango kinapanda hadi asilimia 12, na ofisa masoko anaingia kikaoni kifua mbele. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neema hiyo hushuka hadi idara ya mauzo. Mifumo mingi humpa mteja alama kila anapobofya, na alama zikitimia, muuzaji hupiga simu: "Nimeona umevutiwa sana na huduma yetu." Upande wa pili yuko mhasibu ambaye barua yenyewe hajaiona. Hata hivyo wamefahamiana.

Tena ni mwadilifu. Watangazaji hupenda kushindanisha matoleo mawili ya tangazo, nusu ya watu wapate hili, nusu lile, ili lenye mibofyo mingi litangazwe mshindi. Roboti huyabofya yote mawili kwa bidii ileile, na mshindi akapatikana kwa kutegemea tu upande upi ulipewa wafanyakazi wengi wa ofisi zenye ulinzi mkali. Hakuna mwandishi wa matangazo aliyewahi kupata hakimu asiyejali maneno kiasi hicho.

Hata katika mafunzo ya usalama kazini ana mchango. Kampuni nyingi huwatumia wafanyakazi barua bandia za kitapeli ili kuona nani atanasa. Roboti akibofya kwa bidii yake, anayeandikwa kuwa amenasa ni mfanyakazi, na huyo hupelekwa darasani akajifunze kutobofya asichokibofya.

Wapo wanaojaribu kumnasa yeye. Huficha ndani ya barua linki isiyoonekana, nyeupe juu ya nyeupe. Anayeibofya si binadamu. Huangalia pia kama linki zote zimebofywa sekunde chache baada ya barua kufika, au kama mbofyaji anatokea kwenye kituo cha data. Lakini roboti wa kisasa huweza kujifanya kivinjari cha kawaida, na ana sababu nzuri. Tapeli akijua anayebisha ni mlinzi, atamwonyesha ukurasa safi, kisha amwonyeshe mfanyakazi ule wenye sumu. Vazi linalomficha kwa tapeli ndilo linalomficha kwa ofisa masoko, na hawezi kulivua kwa mmoja akabaki nalo kwa mwingine.

Wasingiziaji husema huwaondoa watu kwenye orodha bila ridhaa yao, na kwamba linki ya kuingilia inayotumika mara moja huitumia yeye, mwenye akaunti akakuta imekufa. Kwa shtaka hili roboti ana sheria upande wake. Kanuni za wavuti zinasema ombi la kusoma ukurasa halipaswi kubadilisha kitu. Mwaka 2005 programu ya Google Web Accelerator, iliyokuwa ikifungua linki mapema ili kurasa zije haraka, ilifuata linki za "futa" ndani ya huduma za kampuni ya 37signals na kufuta kazi za watu. Kosa lilikuwa la nani: la aliyesoma, au la aliyeufanya ufutaji uonekane kama usomaji?

Na sheria ilikuja kuandikwa kwa ajili ya tabia zake. Januari 2017 ilichapishwa kanuni ya RFC 8058, ikikiri wazi kwamba mtumaji hana njia ya kimitambo ya kujua kama aliyefuata linki ya kujiondoa ni mtu au ni programu. Kwa hiyo kujiondoa kwa mbofyo mmoja kukawekewa ombi la aina nyingine, la kutuma taarifa, ambalo mkaguzi halifanyi kwa kufuata linki tu. Mwaka 2024 Google na Yahoo zikawadai watumaji wakubwa waifuate.

Watangazaji hawakuwa na pa kukimbilia. Septemba 2021 Apple ilianza kupakua picha za barua hata kama mwenyewe hajaifungua, na hesabu ya waliofungua, iliyotegemea picha hizo kupakuliwa, ikaharibika. Wengi wakasema basi tutahesabu mibofyo, na huko wakamkuta roboti ameshakaa kitini. Sasa wanahamia kwenye majibu ya barua na manunuzi. Huko bado ni salama, kwa kuwa roboti, pamoja na ukarimu wake wote, hajapewa kadi ya benki.